Mundu Katika Damu

Sijawahi kumwona ngamia. Nimefundisha habari zake tangu nilipoanza ualimu, nimemchora ubaoni kwa chaki hadi wanafunzi wa sekondari yetu hapa Busia, upande wa Uganda, wananitania kwamba nina jamaa zangu jangwani. Namjua kwa kitabu tu. Najua nundu yake imejaa mafuta wala si maji, najua kope zake zinavyozuia mchanga na jinsi anavyoifunga pua upepo ukivuma. Baada ya ngamia huja mpungate, ule mmea wa miiba wa jangwani, baada ya mpungate huja dubu wa kwenye barafu. Mada yenyewe ni viumbe na mazingira magumu, na kwa mujibu wa kitabu, mazingira magumu yako mbali sana na kwetu.

Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza, "Mwalimu, na sisi huku tuko na nini?" Nilimjibu kwa haraka ya mtu anayesubiri kengele. Nilimwambia huku kwetu hakuna ugumu wa kutajwa, tuna mvua za kutosha, na muhogo unaota hata ukichomeka kijiti ukasahau. Darasa likacheka. Nikamtajia kamongo, yule samaki wa matopeni anayepumua hewa na kujizika ardhini kiangazi mpaka mvua irudi, nikaona nimemaliza kazi. Wakati huo nilikuwa na mimba ya binti yangu.

Mimi ni mtu wa Paya, wilaya ya Tororo, Mpadhola kwa baba na kwa mama. Kiswahili hiki ninachoandika nilikipata upande wa Kenya kwa shangazi yangu aliyeolewa huko, akanichukua na kunisomesha. Mume wangu ni Msamia wa Lumino, dereva wa malori, mtu aliyeimalizia nusu ya ndoa yetu Malaba kwenye foleni akisubiri kuvuka. Yeye lugha ya kwetu haijui, na mimi Kisamia chao nilikijua cha kusalimia na cha kuomba chumvi. Kwa hiyo nyumbani tuliongea Kiswahili, kila mtu na chake. Changu kilikuwa cha shule. Cha mama mkwe wangu kilikuwa cha soko la mpakani, kimechanganywa na kila lugha iliyowahi kupita pale na mzigo, na kwa kuuzia samaki kilikishinda changu bila jasho.

Samaki wenyewe ni wale wadogo wa ziwani wanaoanikwa juani. Upande wetu wanaitwa mukene. Ukivuka tu wanaitwa omena, na mama mkwe alikuwa akibadilisha jina katikati ya mpaka bila kupunguza mwendo. Mumewe alikuwa amekwisha kufa kabla sijaolewa. Nilipojifungua, akahama Lumino akaja kukaa nasi mjini kwa kisingizio cha biashara. Asubuhi mimi nilikwenda kufundisha, naye akamfunga mjukuu mgongoni, akajitwika gunia, wakavuka pamoja kwenda sokoni upande wa Kenya. Binti yangu alimwita kukhu, ndivyo Wasamia wanavyomwita bibi. Alisema kukhu kabla ya kusema mama, na sikulipenda jambo hilo hata kidogo.

Alikuwa mtoto wa kulia miguu. Tangu bado anatambaa vidole vilikuwa vinavimba, magoti yanamuuma, macho yanaingia umanjano halafu yanatakata tena. Majirani walisema ni baridi, ni meno, ni kusimama kabla ya wakati. Kukhu aliketi chini na kunyoosha miguu, akamlaza mtoto juu ya mapaja yake na kumkanda kuanzia magotini kwenda chini, taratibu, kwa mikono yenye joto na harufu ya samaki. Mtoto alinyamaza. Mimi nilijaribu mara nyingi kufanya vivyo hivyo, mafuta yaleyale na mkao uleule, na akaendelea kulia.

Siku tulipolijua jina la ugonjwa sikuwepo. Nilikuwa darasani. Walikuwa sokoni upande wa pili, mtoto sasa anatembea na kuzungumza, akiwa mgongoni mwa bibi yake kwa kudeka tu, na maumivu yakamshika hapohapo mgongoni. Kukhu aliacha gunia wazi katikati ya soko, akakimbia naye hadi zahanati ya karibu. Walimchoma sindano ya kutuliza, wakampima damu. Habari iliponifikia nilivuka mpaka na viatu vya kazi, chaki mikononi, na nilipofika majibu yalikuwa yametoka. Kukhu alikuwa amekwisha kuelezwa kila kitu peke yake.

Muuguzi alikuwa mwanamke kijana aliyetoka pwani, mwenye Kiswahili safi na upole wa kweli. Alianza upya kwa ajili yangu. "Mtoto ana selimundu," alisema. Upande wetu sisi husema sikoseli, tukifuata Kiingereza, na hilo neno la Kiswahili nilikuwa nimeliona kwenye maandishi tu. Alinieleza kwamba chembe za damu ya mtoto zinapinda mfano wa mundu, zinakwama kwenye mishipa midogo, na pale zinapokwama ndipo panapouma. Aliniambia nimpe maji mengi, nimkinge na baridi, nimkinge zaidi na mbu, na dawa nisikose hata siku moja. Nilikuwa naitikia kwa kichwa. Mama mkwe alikaa kwenye benchi na mtoto amelala mapajani mwake, lakini mikono yake alikuwa ameiweka pembeni, imeshika mbao za benchi. Niliiona, sikuitilia maanani.

Nilirudi nyumbani na akili ya darasani, maana ndiyo pekee iliyokuwa bado inafanya kazi. Mdudu wa malaria huingia ndani ya chembe nyekundu ya damu, hula humo, huzaana humo. Zamani sana, katika bara hili lenye mbu, alizaliwa mtoto mwenye hitilafu kidogo katika damu: chembe yake ikiingiliwa na mdudu inapinda, inaharibika, mwili unaiondoa pamoja na mgeni wake. Mtoto yule akaugua homa asife. Wenzake wakafa. Akakua, akazaa, na baadhi ya watoto wake wakaichukua hitilafu ile. Hivyo ndivyo viumbe wanavyopata mwili wa kuishi mahali pagumu. Hakuna anayejifunza wala anayejitahidi. Wasio na kile kitu wanazikwa, walio nacho wanabaki kuzaa, na ukiwatazama baada ya vizazi vingi utadhani kuna mtu aliyepanga.

Na hapa kwetu mbu hawajawahi kukosekana. Mimi na mume wangu tulikuwa mabaki ya mazishi mengi. Kila mmoja alirithi hitilafu ile kwa mzazi mmoja, ikamkinga akiwa mchanga, akaishi hadi kuolewa au kuoa. Shida inakuja waliokingwa wawili wanapokutana. Mtoto akiipata kwa baba na pia kwa mama, damu yake yote inapinda yenyewe, mdudu awepo asiwepo. Tena akija huyo mdudu, kinga haipo. Ngamia hakuwahi kuniambia jambo hili.

Nimewasikia watu wakiyasifu maumbile kwa hekima yake, hata mimi mwenyewe nimeyasifu mbele ya wanafunzi. Siku hizi nikisikia mtu anasema hivyo namwangalia tu. Maumbile hayamjui mtoto wa mtu. Yalitulinda kama wengi, kama kundi, na kwa ulinzi huo yalikuwa radhi kumtoa binti yangu bila hata kujua kwamba anapenda ndizi za kuchoma.

Wiki hiyohiyo mama mkwe alifunga mizigo yake akarudi Lumino. Alisema paa linavuja na shamba la muhogo limemezwa na magugu. Mtoto alimshika nguo, akalia, akamfuata hadi barabarani. Kukhu alimbandua vidole kimoja kimoja bila kumtazama, akapanda pikipiki akaenda. Nilidhani atarudi baada ya kuziba paa.

Hakurudi kukaa. Alikuja kwa nadra, na akija alisimama mlangoni. Mtoto akimkimbilia, yeye alikumbuka ghafla kitu nje, akachukua kikapu, akatoka. Samaki alituletea kwa mikono ya watu wengine. Likizo moja mume wangu alimpeleka mtoto Lumino akalale kwa bibi yake walau siku moja, na kesho yake maumivu yakamkamata vibaya, tukamkimbiza hospitali. Baada ya hapo kukhu hakukanyaga tena hata kizingiti cha nyumba yetu.

Nilikuwa na maelezo yangu, na niliyaamini. Niliwaza kwamba anaona haya kuwa na mjukuu mgonjwa. Niliwaza kwamba anangoja mwanawe aoe mke mwingine, mwenye damu ya kuaminika, kutoka mahali pengine si Paya. Maneno ya namna hiyo yalikuwa yanazunguka Lumino, shemeji zangu walinifikishia kwa moyo mweupe kabisa. Nilimchemkia mwanamke yule hadi nikawa nainuka na kutoka akitajwa. Mume wangu aliporudi kutoka safari nikamweleza, yeye alisema, "Mama amezeeka," kisha akalala.

Mtoto hakuacha kumtaka. Alikuwa mtoto mchangamfu, mwenye maneno mengi na dharau kidogo aliyoirithi kwangu. Alianza shule na chupa yake ya maji shingoni, akawaambia wenzake kwamba yeye ni mtu wa kunywa maji kwa amri ya daktari, wao wakamwonea wivu. Siku za nafuu hakuna aliyemshika kwa mbio. Siku za maumivu alilala akiuma shuka, na swali lake lilikuwa moja tu, kukhu anakuja leo? Nilimkanda. Alivumilia kidogo halafu akaniondoa mkono. "Mama, si hivyo," alisema. "Mikono yako inakimbia."

Kuna siku nilimlazimisha mume wangu amlete mama yake. Alimleta. Mtoto alikuwa ndani, kitandani, magoti yamevimba, na aliposikia sauti uani akaita, "Kukhu, njoo unishike miguu." Yeye akajibu kutoka nje, "Niko hapa. Nakusikia." Aliita tena, na tena. Jibu likawa lilelile, kutoka palepale. Mama mkwe alipindua karai, akalikalia karibu na jiko, akakaa kutwa nzima akiutazama mlango wa chumba, asiinuke hata kwenda kunawa. Nilimpelekea chai. Niliiweka chini kwa nguvu hadi ikamwagika, naye akafuta kwa upindo wa nguo yake mwenyewe, akanishukuru. Jioni akaondoka. Nilimsindikiza kwa macho tu, nikaapa kwamba sitamwita tena nyumbani kwangu.

Binti yangu alifariki msimu wa mvua. Nilikuwa nimejiandaa kwa mishipa kuziba, kwa kifua, kwa damu kuisha ghafla. Ikaja malaria ya kawaida, ile inayoshika kila mtu mtaani kwetu. Alilala ndani ya chandarua kila usiku wa maisha yake, lakini mbu wa sasa hawangoji ulale. Wanakuja mapema, wakati watoto bado wako uani wanakula, na ile dawa iliyopakwa kwenye chandarua wengi wao haiwaui tena. Mwanafunzi akiniandikia kwamba mbu wamejifunza, namkata alama. Waliokuwa wanakufa kwa dawa walikufa, waliobaki wakazaa. Ni habari ileile ya damu yetu, upande wa adui.

Homa ilimla damu kwa muda mfupi sana. Hospitalini walifanya yote ya kufanywa, sina wa kumlaumu pale. Alikata roho asubuhi kweupe, mimi nimemshika mguu mmoja na baba yake mwingine, na kabla ya hapo aliita jina moja, halikuwa langu. Siwezi kuandika zaidi ya hapo kuhusu asubuhi ile.

Tulimzika Lumino, kwa baba yake, kama inavyotakiwa. Watu walijaa, wa Paya walikuja, shangazi yangu alivuka kutoka Kenya. Mama mkwe hakufika kaburini. Alikuwepo nyumbani, alipikia waombolezaji, alibeba maji, lakini jeneza lilipotoka nyumbani yeye alikwenda nyuma ya jiko akasimama uso ukutani. Wanawake walikonyezana. Nilikuwa na mimba nyingine, kubwa, lakini hasira ilinisimamisha wima mpaka mwisho wa mazishi. Nilijisemea kwamba huyu mwanamke nimemalizana naye.

Mtoto wa pili alizaliwa, msichana tena. Alipimwa damu mapema, na majibu yakasema ana upande mmoja tu. Yaani yuko kama mimi, kama baba yake. Homa ikimshika inamchemsha, inamwacha, na asubuhi anaamka akidai uji. Unaweza kudhani ningefurahi. Nilifurahi, kisha nikaenda kukaa chooni nikalia, kwa sababu niliiona kazi ya kile kitu kwa macho yangu, niliona kinavyofaa kikiwa kimoja, na nilijua nani alilipia somo hilo.

Mume wangu aliniomba nimpeleke mtoto Lumino aonekane na bibi yake. Niliahirisha kila mara. Hatimaye aliomba kwa namna ambayo sikuweza kukataa, akasema mama yake anakonda, hali chakula vizuri, hauzi tena samaki. Nilikwenda mchana mmoja nikiwa nimefunga uso. Mama mkwe alikuwa uani anamenya muhogo. Kweli alikuwa amekonda. Alitandika mkeka haraka, akanikaribisha, akauliza habari za Paya kwa utaratibu wote. Nilitaka kwenda kunawa vumbi, basi nikamnyooshea mtoto ampokee. Aliificha mikono yake nyuma ya mgongo.

"Usinipatie," alisema. "Weka yeye kwa mukeka."

"Mama, huyu ni mjukuu wako."

"Ndiyo maana."

Hapo nilishindwa kujizuia. Nilimlaza mtoto mkekani, nikamwambia kwamba huyu ni mzima, amepimwa, hana ugonjwa wa dada yake, kwa hiyo aniambie anamwogopea nini. Sikupaza sauti, lakini ilitoka na kila kitu nilichokuwa nimekimeza kwa muda wote ule. Yeye alitazama maganda ya muhogo.

"Siogopi mutoto," alisema. "Naogopa ile mundu."

"Mundu gani?"

"Yule mwenye dokita wa Kenya alisema. Wa kwa seli."

Nilikaa chini. Kisamia changu ni haba, lakini neno hilo hata mimi nalijua, kila anayeishi Busia analijua. Omundu ni mtu. Na seli kila mchuuzi wa mpakani anaijua vizuri, ni kile chumba cha polisi wanapokufungia ukikutwa na mzigo njia ya panya.

"Niambie alivyosema," nilimwambia. "Polepole."

"Ile siku nilikuwa pekee yangu na mutoto. Dokita akasema, bibi, mutoto iko na selimundu kwa damu. Mimi nikauliza, nani alimupatia? Akasema, imetoka kwa baba na kwa mama. Nikauliza, na wao walitoa wapi? Akasema, kwa wazazi wao. Akasema, hata wewe bibi labda uko nayo."

Muuguzi yule hakukosea hata neno moja. Kama ningekuwa mimi ningejibu vivyo hivyo. Lakini mama mkwe wangu alikuwa ameketi kwenye benchi lile na kusikia, kwa Kiswahili cha pwani kilichonyooka, kwamba ndani ya damu ya mjukuu wake amefungiwa mtu, na kwamba mtu huyo ametoka kwake yeye.

"Nikakumbuka, maumivu ilimushika kwa mugongo yangu," aliendelea. "Kwa mugongo yangu, si kwa mutu mwingine. Tena alilala hapa kwangu, kesho yake ikamushika. Nikajua, huyo mundu akisikia mimi niko karibu, anataka kutoka. Anagonga. Anaumiza mutoto. Nikasema basi, wacha mimi nikae mbali, atulie."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini, mwalimu? Nikuambie ni mimi nakula mutoto yako?"

Mtoto alikuwa anacheza na ukingo wa mkeka. Nilifuta mahali kwenye vumbi kwa kiganja, nikachora duara kwa kidole, nikamwambia hiyo ni damu ya mtu wa kawaida. Pembeni nikachora nyingine, iliyopinda, yenye ncha mbili. Nilimwambia watu wa pwani na watu wa vitabu wanaiita hiyo mundu, kwa sababu mundu kwao ni kile chombo chenye makali cha kuvunia mpunga, kama kile walichonacho wakulima wa mpunga wa Mwello. Aliinama akatazama kwa muda mrefu.

"Kisu yenye imepinda," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Ya kukata muchere."

"Ndiyo."

"Hakuna mutu."

"Hakuna mtu kabisa."

Nilidhani atalia, au atapumua. Yeye aliendelea kuitazama ile michoro. Nimefundisha watu wengi, namjua anayesikiliza ili amalize na anayesikiliza ili aelewe, na mwanamke huyu alikuwa anaelewa haraka kuliko nilivyotaka. "Lakini hiyo kisu," alisema, "ilitoka kwangu."

Ningeweza kusema hapana. Nilimwambia labda ilitoka kwake, labda kwa marehemu mumewe, hakuna aliyewapima, na kwamba nyingine ilitoka kwetu Paya, kwa baba yangu au mama yangu, ikapita kwangu. Nikamweleza habari ya malaria, kwamba kisu kimoja kinamkinga mtoto, lakini viwili vinamuua. Nilimweleza kwa maneno ya kawaida, bila ngamia. Akaniambia kwamba kwa mama yake walizaliwa wengi, hapohapo karibu na ziwa, na homa ilikuwa inakuja na kuchukua mmoja, inarudi na kuchukua mwingine. "Mimi nilikuwa naamuka," alisema. "Mama yangu alikuwa anashangaa. Naumwa kama wao, asubuhi naamuka."

"Ndiyo hiyo," nilisema. "Ilikuwa inakulinda."

"Ikanilinda mimi, ikamaliza yeye."

Ndivyo ilivyo, na hakuna kitabu changu kinachoweza kulisema hilo vizuri zaidi ya alivyolisema yeye. Nilimhurumia kwa moyo wangu wote, na bado nilikuwa namkasirikia, kwa sababu ile hasira ilikuwa imekaa sana na haikuwa na mahali pengine pa kwenda.

Aliifuta michoro kwa mguu, taratibu, ile ya duara kwanza. Kisha akauliza, bila kunitazama, "Hii kukaa yangu mbali. Ilimusaidia hata kidogo?"

Kazi yangu ni kumkatalia mwanafunzi anayeandika jibu analolitamani badala ya jibu lililo sahihi. Nilimtafutia mama mkwe jibu lingine kwa dakika ambayo ilikuwa ndefu sana, sikulipata. Nilimwambia, "Hapana, mama. Haikumsaidia."

Aliitikia kwa kichwa. Mikono yake sasa ilikuwa mbele, juu ya mapaja, viganja vimefunguka, anavitazama.

"Kumbe nilikuwa naweza kumushika," alisema.

"Ulikuwa unaweza," nilimwambia. "Kila siku."

Mtoto alianza kulia pale mkekani. Tulimsikia wote wawili, na kwa muda hakuna aliyenyanyuka.